Namna ya Kuchuna Hadithi Fupi Bila Kutoboa Ngozi

Mchinjaji mzuri wa Terrat, huku Arusha, hakai na kisu mkononi muda mrefu. Akishamning'iniza mbuzi kwa miguu ya nyuma kwenye tawi la mgunga, hupasua ngozi mstari mmoja wa katikati, huizungushia miguu minne, kisha kisu hukibana menoni. Kazi iliyobaki ni ya ngumi. Ngumi inapenyezwa kati ya ngozi na nyama, inasukumwa taratibu, utando unaachia kwa mlio mdogo kama karatasi inayobanduliwa, na ngozi inashuka nzima mpaka shingoni. Kijana mwenye papara yeye huendelea na kisu hadi mwisho. Atamaliza mapema, sawa, lakini inyanyue ngozi yake juani uone: matundu yametapakaa kama nyota. Mnunuzi wa ngozi anaishusha bei kabla hujafungua mdomo.

Likizo iliyopita mpwa wangu wa kidato cha sita alinijia na daftari. Nilikuwa nimekaa nje upande wa kivuli, kila bodaboda ikipita inatuachia vumbi lake.

"Shikamoo mjomba. Nimechambua mtindo wa hadithi nzima. Naomba uniangalizie, shule haijafunguliwa."

Nikafungua. Mwandishi ametumia tashbihi. Mwandishi ametumia takriri. Mwandishi ametumia tanakali sauti. Mwandishi ametumia lugha nyepesi inayoeleweka kwa hadhira. Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kifani na kimaudhui. Kurasa mbili, mwandiko safi, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula na kalamu nyekundu.

Nikamuuliza, hadithi yenyewe inahusu nini? Akanyoosha mkono ili nimrudishie daftari.

Nikamuuliza tena, sentensi gani imekukaa kichwani? Akatazama vidole vya miguu.

Hadithi ile ilikuwa na kurasa 6. Mtoto ameichoma kisu mara 14 na hakutoka na kipande cha ngozi cha kutosha hata kiraka. Sikumgombeza, maana najua madesa anayosomea yalikotoka: kaka zake waliyanakili kwa dada zao, na dada zao kwa waliowatangulia, na katika safari yote hiyo hakuna aliyesimama akairudia hadithi. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na wenzake wote wanaokremu tamathali kama majina ya mitaa wasiyowahi kutembea.

Tuanze na kisu chenyewe. Kibane menoni. Orodha ya darasani tunaijua wote: fani ina muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, chini ya mtindo utaandika nafsi ya kwanza au ya tatu, dayalojia, monolojia, barua, nyimbo, basi umemaliza. Majina hayo yana kazi yake. Fundi asiyejua jina la bisibisi atahangaika kuiomba. Lakini hakuna fundi anayelipwa kwa kutaja majina ya vifaa huku gari limelala palepale. Na ile sentensi ya lugha nyepesi inayoeleweka ningeomba ipigwe marufuku kabisa, kwa sababu inaweza kusemwa juu ya hadithi yoyote, juu ya mwaliko wa kipaimara, na juu ya tangazo la kukatika maji.

Kuna mfano mwingine wa zamani unaowachanganya watoto: fani ni kikombe, maudhui ni chai. Ukisadiki hivyo utakunywa chai na kuweka kikombe kando, na hapo umeshapoteza mtindo wote. Wengine wakajibu kwamba ni pande mbili za sarafu moja, na hao walikaribia. Mimi nasema nenda kamtazame mbuzi akiwa hai. Ngozi yake hukuti mahali inapoishia. Inatetemeka nzi akitua, inasimama manyoya baridi ikiingia, inalegea akishiba. Mtindo wa hadithi uko hivyo.

Chagua hadithi fupi kweli. Mwaka 1842 Edgar Allan Poe wa Marekani aliandika kwamba hadithi ya namna hii ni ile inayosomwa kwa mkao mmoja ikaacha mguso mmoja. Kwetu mkao mmoja ni haisi ya kutoka mjini mpaka Terrat, ikiwa konda ameshajaza. Wakenya wametutangulia hapa: watahiniwa wao wa sekondari wamesomeshwa diwani nzima za hadithi fupi, kama Damu Nyeusi, ikaja Tumbo Lisiloshiba, ikafuata Mapambazuko ya Machweo. Sisi kwa miaka mingi vitabu teule vyetu vya Kiswahili vimekuwa riwaya, tamthilia na ushairi, na hadithi fupi ikaachwa pembeni kama mtoto wa kambo. Ni hasara. Hadithi fupi ndiyo darasa bora la mtindo, kwa kuwa ndani yake hakuna pa kuficha sentensi mvivu.

Isome mara ya kwanza bila kalamu. Ya pili isome kwa sauti, ikiwezekana kwa mtu mwingine, hata kwa bibi anayepepeta mahindi, uone anapoacha kupepeta. Hapo alipoacha, weka alama. Umeshapata nusu ya uchambuzi wako na hujataja tamathali hata moja.

Sasa ngumi. Ngumi ya mchambuzi ni swali moja tu: kwa nini hivi, na isingekuwa vile? Unachukua sentensi, unabadilisha kitu kimoja kidogo, unasikiliza kilichokufa. Nikampa mpwa wangu hadithi ya mistari mitatu niliyoitunga palepale, msiitafute kwenye kitabu chochote:

Mvua ilikuwa haijanyesha. Mzee akatoka nje, akautazama mlima, akarudi ndani. Mkewe hakumuuliza kitu.

"Haya, chambua."

"Mjomba, hapa hamna tamathali."

Ndiyo maana nilimpa. Nikamwambia aondoe ilikuwa haijanyesha aweke haikunyesha, asome tena kwa sauti. Akasoma. Akarudia. "Hii ya pili imeisha," akasema. Sawasawa. Haikunyesha ni hesabu iliyofungwa: msimu umepita, mahindi yamekauka, tukope wapi. Haijanyesha ni mlango uliorudishiwa bila komeo. Mtu anayesema haijanyesha bado ana mbegu ndani ya gunia na hajazila. Terrat iko kusini mwa jiji, upande mkavu. Kule mitelemkoni mwa Meru wenzetu wana migomba na kahawa, huku tuna migunga na vumbi, na kuanzia mwisho wa Februari kila mtu anaamka akiangalia kaskazini kama wingu limekaa juu ya mlima. Kusubiri kote huko, kwa familia nzima na ng'ombe wao, kumeingia ndani ya silabi moja, -ja-. Mzungu akitaka kusema hivyo itabidi aongeze neno zima pembeni ya kitenzi. Sisi tumelimeza ndani.

Na mtoto mwenyewe alikuwa ameitumia dakika kumi kabla: shule haijafunguliwa. Hakuna aliyemwambia kwamba huo ni mtindo.

Tukaenda mstari wa pili. Akatoka, akautazama, akarudi. Weka alitoka, aliutazama, alirudi. Unasikia? Ya pili ni maelezo ya shahidi kituo cha polisi. Kila tendo linaanza upya, linasimama peke yake, linasubiri kuandikwa. Ile -ka- inafunga matendo kwenye uzi mmoja kama shanga, moja likivuta jingine, mpaka unaona mzee hakukaa nje hata dakika. Jaribu tena: hutoka nje, huutazama mlima, hurudi ndani. Sasa imekuwa mazoea, pengine ugonjwa wa uzeeni, na asubuhi ile moja imepotea. Silabi moja imeondoka na siku yote.

Halafu angalia mlima wenyewe. Mwandishi hakuutaja jina. Kwa mtu wa Arusha mlima ni mlima. Hakuna anayesema Mlima Meru akiwa nyumbani kwake, labda anazungumza na mgeni. Ningeandika akautazama Mlima Meru wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ningekuwa nimeshamgeuzia mzee mgongo nikawaelekea watalii. Kwa hiyo ukitaka kujua mwandishi anazungumza na nani, usitafute utangulizi wa kitabu. Tafuta vitu ambavyo ameona havihitaji kuelezwa. Na ile -u- katika akautazama nayo ina kazi: inamwambia msomaji kwamba mlima huu unajulikana, tumeshautazama pamoja jana.

Mstari wa tatu nilimwachia mwenyewe. Alikaa nao kimya muda mrefu, ufito mkononi akichora chini. Kisha akasema, "Mjomba, mwanzo ni haija-. Mwisho ni haku-. Mvua bado ina nafasi. Huyu mama ameshamaliza."

Nikanyamaza. Hadithi niliyoitunga mimi, na hilo sikuwa nimeliona. Hadithi imeanza na kukanusha kulikoacha mlango wazi, ikaishia kwa kukanusha kulikoufunga. Mbingu ina matumaini kuliko nyumba. Mke angeweza kuuliza, "Vipi?" Hakumuuliza. Na ile -mu- inaonyesha kwamba alikuwa naye machoni kabisa, hakuwa jikoni wala kisimani. Alimwona akitoka, akamwona akirudi, akaendelea na yake. Kisu kimebaki menoni, ngozi imeshuka nzima.

Ukishaizoea ngumi hiyo kwenye vitenzi, ihamishie kwenye ngeli. Hapa Kiswahili kimetajirika mno na wachambuzi wetu wanapita kama hawajaona. Mtu ni mtu. Mpunguze awe kijitu, mkuze awe jitu. Mtoto awe kitoto au toto. Nyumba iwe kijumba au jumba. Sarufi ya darasa la sita itakwambia huo ni udogo na ukubwa. Mwandishi anajua kwamba hiyo ni hukumu. Chukua hadithi ya Said Ahmed Mohamed, Tumbo Lisiloshiba, iliyobeba jina la ile diwani ya mwaka 2016 waliyoihariri Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Katika mtaa wa Madongoporomoka, kwenye mkahawa mdogo wa Mzee Mago, anaingia mlaji anayefagia chakula chote. Angeweza kuitwa bwana mnene. Angeweza kuitwa tajiri, mgeni, mteja. Anaitwa jitu.

Kaa hapo kwanza. Mago amepewa uzee wake wa heshima, Mzee. Mwingine amenyimwa hata m- ya utu. Sasa rudi kwenye jina la hadithi: tumbo lisiloshiba. Tumbo ni la ngeli ya li-. Jitu nalo, likichukua upatanisho wake wa asili, ni li-. Tumbo halishibi, jitu halishibi. Sarufi imewafanya ndugu. Daftari la madesa litaandika "jazanda: tumbo ni ulafi wa wenye nguvu" na kupata alama zake. Lakini nguvu ya jazanda hiyo imepikwa kwenye upatanisho wa kisarufi, jambo ambalo msomaji wa kawaida analisikia mwilini bila kulitaja. Shika penseli, pitia hadithi ile, zungushia kila kiambishi kinachomhusu mlaji huyo. Pale kiambishi kitakapobadilika, kama kitabadilika, simama. Kuna kitu.

Majina ya hadithi peke yake yanatosha kwa asubuhi nzima, nitayapita haraka. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, ana hadithi inayoitwa Mayai Waziri wa Maradhi. Tumezoea Waziri wa Afya. Neno moja limegeuzwa, wizara nzima imepinduka, na hujafungua ukurasa wa kwanza. Gabriel Ruhumbika, diwani yake ya mwaka 1978 ni Uwike Usiwike Kutakucha: ile u- ya mwanzo inamnyooshea mtu kidole, na wewe msomaji unabaki kujiuliza jogoo ni nani. Tanakali sauti usizihesabu. Sikiliza ni sikio la nani linalozisikia, la mtoto au la mwandishi. Methali usiitafsiri, angalia nani kapewa aiseme, na kama aliyeambiwa ameinyamazia.

Kuhusu msamiati nitasema jambo moja. Kijana anaweza kuwa popote. Barobaro ananukia pwani na vitabu vya zamani. Chalii ni wa Arusha, ana koti kubwa na asubuhi ya Julai yenye baridi. Mwandishi akichagua moja kati ya hayo matatu ameshachora mandhari, na ile sehemu ya "mandhari: mjini na kijijini" kwenye daftari lako imepitwa na wakati.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni cha hadithi ya mgeni, nacho nakileta kwa sababu kinaipitia Arusha yetu kwa juu. Ernest Hemingway alikuja kuwinda Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1933. Januari 1934 akashikwa na kuhara damu, akabebwa kwa ndege ndogo kwenda kutibiwa Nairobi. Agosti 1936 jarida la Esquire likachapisha hadithi yake fupi kuhusu theluji za Kilimanjaro. Mwandishi aitwaye Harry amelala kwenye kitanda cha kambini. Mguu wake unaoza, kwa mkwaruzo wa mwiba ambao hakuupaka dawa. Anagombana na mkewe, anakumbuka yote ambayo alitaka kuyaandika na hakuyaandika, na anasubiri ndege.

Mtindo wa Hemingway watu huufupisha kwa maneno mawili, sentensi fupi, kisha wanafunga daftari. Ni madesa yaleyale, yamevaa suti. Angalia herufi. Mara nyingi Harry anapokumbuka maisha yake ya nyuma, matini inabadilika kuwa herufi za mlazo. Msomaji anajifunza kanuni bila kufundishwa: mlazo ni kichwani, wima ni kambini. Unazoea. Kanuni inakuwa kama nyumba yako.

Kisha kunakucha, ndege inakuja. Rubani anashuka, anaomba chai, anasema kuna nafasi ya mgonjwa peke yake na kwamba itabidi atue Arusha kujaza mafuta. Herufi zote zimesimama wima. Ndege inaruka, wanyama wanaonekana wadogo chini, na badala ya kuja Arusha rubani anakata kushoto. Pengine mafuta yanatosha. Wanapita wingu la nzige, wanapita mvua, halafu mbele yao kinatokea kilele cha Kilimanjaro, kipana, cheupe kupita kiasi, na Harry anafahamu kwamba huko ndiko wanakokwenda. Mstari unaofuata fisi analia gizani, mke anaamka kambini, anammulika mumewe. Amekufa kitandani. Hakuna ndege iliyokuja.

Hapo ndipo mchambuzi anatakiwa kuweka kitabu chini apumue. Mambo yaliyotokea kweli katika maisha ya Harry yameandikwa kwa mlazo, kama ndoto. Jambo lisilotokea limeandikwa wima, kama kweli. Hemingway alitulea katika kanuni yake kurasa nyingi ili ukurasa wa mwisho aitumie kutudanganya, na uongo ule ameupigilia misumari ya vitu vya kawaida kabisa: chai, nafasi ya mtu mmoja, mafuta, Arusha. Ukiondoa neno Arusha uweke "mji wa karibu" uongo unalegea. Mtu wa kwetu akisoma pale anaitikia kwa kichwa, ndiyo, Arusha kweli ndege hutua, na kwa kuitikia huko ameshapanda ndege ya maiti. Nilipoisoma mara ya kwanza nilirudi nyuma kurasa tatu kutafuta mahali niliposhikwa. Palikuwa kwenye petroli.

Mpwa wangu alipomaliza kusikiliza aliangalia mashariki. Asubuhi ikiwa angavu, kutoka huku Kilimanjaro hujitokeza kwa mbali. Jioni ile palikuwa na ukungu tu. "Kwa hiyo kukata kushoto," akasema, "ndiyo sentensi inayoua." Nikamwambia andika hivyohivyo.

Maana kuna hili la kuandika, na wengi waliochuna vizuri huharibikiwa hapa. Wanarudi kwenye lugha ya mtihani, "mwandishi ameweza kutumia", kana kwamba mwandishi alikuwa anafanya majaribio ya udereva. Aya ya uchambuzi inataka vitu vichache: sentensi yenyewe ya hadithi, au sehemu yake, kitu kimoja ndani yake ulichokigusa, kile kingekuwaje kama kisingekuwa hivyo, na kilichotokea kwako msomaji. Jina la tamathali, ukilihitaji, litakuja lenyewe mahali pake, mara nyingi katikati ya sentensi, bila kupigiwa mstari mwekundu.

Hii ndiyo aya aliyoiandika mpwa wangu siku ya pili yake, ameniruhusu kuitoa: "Hadithi inaanza na neno haijanyesha. Kiambishi -ja- kinatufanya tusubiri pamoja na mzee. Ingekuwa haikunyesha tusingekuwa na cha kusubiri na asingekuwa na sababu ya kutoka nje. Mwishoni mke hakumuuliza kitu, na kiambishi -ku- kinafunga kile ambacho -ja- ilikiacha wazi. Mimi niliogopa zaidi ukimya wa mke kuliko ukame." Mistari mitano ya daftari. Hamna tashbihi, hamna kiasi kikubwa. Na ile sentensi ya mwisho, ya niliogopa, nilimkataza asiifute ingawa alifundishwa kwamba mhakiki hasemi mimi. Kama hukuogopa, unachambua nini?

Itakuchukua muda. Hadithi ya kurasa 6 inahitaji jioni mbili, na jioni ya kwanza hutaandika kitu. Kuna siku utabadilisha neno, utasikiliza, na hutasikia tofauti yoyote. Hapo labda sikio halijafunguka, labda mwandishi mwenyewe alisinzia, na yote mawili yanaruhusiwa kuandikwa. Kuna hadithi mbaya. Ngozi yake hutoka kirahisi kwa sababu haijashikana na kitu.

Shule imefunguliwa, mpwa wangu amerudi bweni na lile daftari, ukurasa wa nyuma amenakili mistari yangu mitatu. Anaogopa jambo moja, na aliniambia tukiwa tunasubiri haisi: kwamba akiandika hivi kwenye pepa atahesabiwa hoja moja mahali ambapo jirani yake atahesabiwa saba. Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu jibu hilo halipo kwangu. Liko kwako mwalimu, na kwako msahihishaji unayekaa na rundo la karatasi usiku. Mtoto akikuletea silabi moja aliyoichuna mpaka ikatoka nzima, usimtafutie tamathali sita zilizobaki. Mpe alama zake.